UZI: Tunaandika watetezi wa haki wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Mwenye karatasi ajitokeze

Nyar_Kano (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwanzo wa mwaka, leo nalitema.

Tuko saba. Walimu watatu, fundi simu mmoja wa Kibuye, mstaafu wa reli, mwanafunzi, na mimi nauza vitambaa. Jumamosi baada ya saa nane tunakutana chumba cha nyuma cha duka moja Kondele, tunaandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Halipi hilo. Bando tunachangishana, chai anatoa mwenye duka.

Tulianza kwa kutafsiri habari za Wamarekani Weusi waliopigania haki zao, kwa sababu wale wameandikwa vitabu hadi basi. Mimi nilimchukua Claudette Colvin, yule binti wa miaka 15 aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi mjini Montgomery tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Nilimpenda kwa vile hata kwao walimsahau muda mrefu. Nikamaliza, nikajiona mwandishi, nikampelekea mama simu asome.

Mama akasoma mpaka chini, akavua miwani. "Na Wasonga Sijeyo mmemweka?"

Nikamuuliza Sijeyo ndiye nani. Sitawaambia aliniangaliaje.

Kwa wasiomjua kama mimi nilivyokuwa: Argwings-Kodhek alipofariki Januari 1969, kiti cha Gem kikabaki wazi. Sijeyo akakinyakua kwa tiketi ya KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi. Hakukikalia sana. Oktoba 25 mwaka huohuo ikatokea ile ya hapa kwetu, siku Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, risasi zikapigwa, watu wakafa. Siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Wenzake wakatoka mmojammoja. Sijeyo akabaki ndani mpaka Desemba 1978, Moi alipowafungulia waliokuwa wamebaki. Zaidi ya miaka tisa bila kesi, bila hukumu.

Basi nikapanda matatu hadi Gem, nikakaa na mzee mmoja chini ya mwembe saa nne nzima, nikarudi na daftari limejaa. Usiku huohuo nikaandika makala ndefu tamu. Asubuhi nakuta juu yake kigezo cha kupendekeza ifutwe: haina chanzo hata kimoja.

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaisoma upya, nikaona kosa ni langu. Mzee aliniambia "miaka kumi na zaidi", nikaandika kumi na zaidi. Aliniambia maneno aliyoyasema Sijeyo siku ya kukamatwa, nikayatia ndani ya alama za kunukuu kana kwamba nilikuwepo.

Ombi langu ni hili. Kama una karatasi yoyote inayomtaja mtu wa kwetu aliyepigania haki, gazeti kuukuu, kitabu cha kanisa, tasnifu ya shemeji yako, lete. Hadithi tunazo. Karatasi ndizo hatuna.

---

Mla_Mbivu

Mada nzuri ila niulize swali la kijinga. Wikipedia si kila mtu anaandika? Hata mwanangu wa darasa la sita anaweza kuingia akaandika yeye ndiye aliyeleta Uhuru. Mnajichosha.

---

Nyar_Kano

@Mla_Mbivu si la kijinga. Ataandika ndiyo, na kabla hajamaliza uji wake mtu atakuwa ameifuta. Mimi si mtoto wa darasa la sita na yangu ilipigwa alama kwa usiku mmoja.

Sababu ya kujichosha: mwanao akipewa kazi ya nyumbani ya historia, haendi maktaba. Anauliza simu. Simu nayo inaokota huko.

---

Omundu_wa_Lurambi (Kakamega)

Nimeweka kambi hapa. Mwalimu wa historia, miaka 19 kazini.

Nyar Kano, ukitafuta karatasi usianzie 1969, anzia nyuma. Desemba 1921, Lundha, hukohuko Gem, walimu na wanafunzi wa zamani wa Maseno waliitisha mkutano mkubwa. Kodi imepanda, mishahara imekatwa, kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, kinaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe, na mwaka mmoja nyuma nchi imegeuzwa koloni bila mtu kuulizwa. Wakaunda Young Kavirondo Association. Watu wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imenena. Mwenyekiti Jonathan Okwirri, pamoja naye Benjamin Owuor Gumba na Simeon Nyende. Soma madai yao: kipande kiondolewe, kodi ishuke na wanawake wasitozwe, kambi za kazi za kulazimishwa zivunjwe, watu wapewe hati za mashamba, serikali ijenge shule. Kama hizo si haki za kiraia basi sijui ni nini. Mwaka 1922 gavana mwenyewe alikuja kuwasikiliza Nyahera.

Kisha akaja Arkidikoni Owen wa CMS, wale wamisionari wa Kianglikana. Mwaka 1923 akakichukua chama akakipa jina jipya, cha walipa kodi na ustawi wao. Wanachama wakaahidi kuchimba vyoo, kulala kitandani na kuua panya. Sitanii. Kutoka "tuondoleeni kipande" mpaka kuhesabu panya. Ingawa nimtendee haki mzee Owen, yeye naye baadaye aliwapigia serikali kelele nyingi magazetini juu ya kazi za kulazimishwa, wakamchukia.

Upande wetu: dhahabu ilipopatikana Kakamega 1931, serikali ilikuwa mwaka mmoja tu nyuma imetoa sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Mwaka 1932 wakaibadilisha haraka ili wachimbaji wazungu wapewe maeneo bila wenyeji kulipwa ardhi kwa ardhi. Andrea Jumba na Lumadede Kisala na wenzao wa North Kavirondo Central Association wakasimama. Waulize vijana Muliro Gardens Andrea Jumba ni nani, watakuambia ni fundi wa pikipiki.

Onyo moja. Unapotafuta, jaribu tahajia zote. Okwirri, Okwiri, Okwiry. Karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, na aliyefuata akanakili kosa. Nilipoteza likizo nzima nikimtafuta mtu kwa herufi moja.

---

Teso_Kusini (Busia)

Tito Adungosi. Titus Adungosi Oloo. Naomba aingie orodhani leo hii.

Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi, 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 wakamshika, mahakama ikampa miaka 10 kwa uchochezi. Alifia kifungoni Desemba 1988. Kijana wa Teso, mwanafunzi. Hakubeba bunduki.

Kila mwaka mwezi wa Desemba nyumbani watu wazima wanamtaja kwa sauti ya chini, hata sasa, kana kwamba mtu anasikiliza dirishani.

---

Nyar_Kano

@Teso_Kusini pole sana. Tayari nimemwandika kwenye daftari. Una karatasi?

---

Teso_Kusini

Nina binamu aliyesoma naye.

---

Nyar_Kano

Binamu si karatasi 😅

---

Mwanagenzi (Tanga)

Niingie, maana mimi ni mhariri huko Wikipedia ya Kiswahili miaka kadhaa sasa, jina langu la huko nalihifadhi.

Kwanza hongereni. Pili, ndugu zangu wa Kenya, msichoke na vigezo. Makala fupi yenye vyanzo viwili tunaiita mbegu na inaishi salama miaka yote, mtu atakuja kuimwagilia. Makala ndefu isiyo na chanzo ni mti wa karatasi, mvua ya kwanza haupo. Na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, hawana chuki na mtu, wako wachache na kurasa ni nyingi.

Tatu, na hapa ndipo ninapolia. Acheni kubandika tafsiri za mashine! Juzi nimekuta makala ya mwanasiasa wenu mmoja imeandikwa "mbunge aliyeketi wa Eldoret Kaskazini". Aliketi wapi, mkekani? Chini yake: "alihudumu gerezani kwa miaka miwili na nusu". Kuhudumu gerezani ni kuwa askari jela. Aliyefungwa, amefungwa. Semeni "alifungwa", kitenzi kipo, hakiuzwi.

---

Cheptoo_K (Eldoret)

😂😂 Huyo ni Chelagat Mutai, na ninamjua aliyebandika, ni mimi. Nimeshaomba msamaha kwa mizimu.

Ila cheka uone. Kuna mwingine wa kwetu upande huu wa ziwa ambaye kweli ALIHUDUMU gerezani. Phoebe Asiyo alikuwa afisa wa magereza, wa kwanza Mwafrika mwanamke kwenye cheo hicho, kabla hajawa mbunge wa Karachuonyo. Mwaka 1997 akapeleka bungeni hoja ya wanawake kutengewa viti, wakaiangusha. Sasa mashine ikiandika mmoja alihudumu na mwingine alihudumu, mtoto atajuaje nani alishika funguo na nani alifungiwa?

Chelagat mwenyewe: bungeni 1974, akiwa na miaka ishirini na kitu, jamani. Mwaka 1976 akahukumiwa kwa madai ya kuwachochea watu wa jimbo lake kwenye mgogoro wa shamba la mkonge. Akafungwa (nimesema AKAFUNGWA, Mwanagenzi) miaka miwili na nusu. Mwaka 1981 akakimbilia Tanzania. Alifariki Julai 2013, na miaka yake ya mwisho haikuwa ya mtu aliyeitendea nchi vile.

Na Barsirian arap Manyei je? Mwana wa Koitalel, yule kiongozi wa Wanandi aliyepigana na Waingereza. Oktoba 1923 Wanandi walikuwa wanajiandaa kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana rika. Ng'ombe wako karantini, hawauziki, kodi inadaiwa vilevile, mashamba yameenda kwa walowezi. Serikali ikahisi sherehe ni vita, ikamkamata Barsirian na wazee kabla haijafanyika. Alikaa kizuizini takriban miaka 40. Watoto wetu wote wanaijua 27 ya Mandela kwa moyo.

---

Mla_Mbivu

Miaka 40?? Na mimi nimezaliwa Kapsabet!

---

Mzawa_wa_Bondeni (Nakuru)

Mnawataja viongozi, hongera. Mimi nina swali gumu kidogo.

Februari 28, 1992, akina mama walienda kuketi Uhuru Park, Nairobi, kudai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiwe. Wakagoma kula. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na gesi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo. Kwa mila zetu hiyo ni laana, mnaelewa, mama wa rika la mama yako akikuvulia nguo umekwisha. Walipofukuzwa pale wakahamia kanisa la All Saints, wakakesha humo karibu mwaka mzima.

Sasa soma popote. Utamkuta Wangari Maathai kwa jina, kwa haki yake, alipigwa mpaka akazimia. Waliobaki ni "akina mama". "Akina mama wa wafungwa." Au ukiwa na bahati, "mama wa fulani". Monica Wangu Wamwere angalau anatajwa kwa jina, na ni kwa sababu mwanawe ni Koigi, ambaye sisi Nakuru tulimpeleka bungeni 1979. Na wale wengine? Walikuwa na majina ya kanisani, majina ya soko, walikuwa na vyama vyao vya kuzungusha pesa. Gazeti halikuuliza.

Kwa hiyo hii sheria yenu ya karatasi ina upande. Aliyeandikwa zamani ndiye anayeandikwa sasa.

---

Nyar_Kano

@Mzawa_wa_Bondeni umenigusa pabaya. Nimekaa na ujumbe wako tangu asubuhi, wateja wananiuliza bei nawajibu vibaya.

Hapa Kisumu tuna Grace Onyango. Meya mwanamke wa kwanza nchini, 1965, na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, 1969. Huyo karatasi zake hazina shida, alikuwa na cheo, na cheo kinaacha karatasi. Mama aliyebeba chakula cha wafungwa kutoka Nakuru hadi Naivasha kila mwezi haachi kitu ila tikiti ya basi.

Sina jibu zuri. Nilichofikiria ni kuandika makala ya tukio, si ya mtu. Mgomo wa 1992 una vyanzo tele. Ndani yake unaweka kila jina litakalopatikana na chanzo chake, hata kama ni moja kwa mwaka. Jina likishakaa kwenye makala unaweza kulifanya kiungo. Halina ukurasa, litakaa jekundu. Nafurahia sana hivyo viungo vyekundu, kusema kweli. Kila kimoja ni deni limeandikwa ukutani.

---

Mwanagenzi

Njia hiyo ni sahihi kabisa, na ndiyo inayotumika. Tangu 2015 kuna kundi kwenye Wikipedia ya Kiingereza linalohangaika na wanawake wasio na kurasa, na jina lake, Women in Red, limetokana na wekundu huohuo.

Kuhusu mahojiano ya wazee: msiyatupe. Hayaingii Wikipedia moja kwa moja, kwani pale si mahali pa kuchapisha utafiti kwa mara ya kwanza. Lakini mzee akihojiwa, mahojiano yakahaririwa na yakachapishwa mahali panapoaminika, jarida la chuo, kitabu, gazeti, hapo yamekuwa karatasi. Mwalimu wa Lurambi, wewe una wanafunzi na una vyuo jirani. Mtihani wako huo.

---

Omundu_wa_Lurambi

Mtihani nimeupokea, usimamizi ndio kazi.

Wakati huo niwape machimbo ninayotumia, bure yote:

Hansard za bunge letu, yaani kumbukumbu za mijadala. Nyingi za zamani zimeskaniwa na zinasomeka kwenye Google Books. Andika jina la mbunge na mwaka, kaa chini, utakutana na mambo. Kila mtu aliyewahi kuuliza "kwa nini fulani amezuiliwa" yuko mle na tarehe yake. Tahadhari, Hansard inathibitisha kwamba jambo lilisemwa, si kwamba ni kweli. Wabunge ni wabunge.

Hukumu za mahakama kwenye tovuti ya Kenya Law. Waliofungwa vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, wengi wamekwishashtaki serikali, na maelezo yao yamo kwenye hukumu.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, 2013. Ni ndefu kuliko mwaka wa njaa lakini isome.

Na ukishafikisha mahariri 500 na miezi sita kwenye Wikipedia, unafunguliwa maktaba yao yenye majarida ya kitaaluma ambayo kwa pesa yetu hatungeyaona. Mimi nimebakiza mahariri 212. Nasahihisha koma usiku kucha, mke wangu anadhani nina mpango wa kando.

---

Cheptoo_K

Picha je? Ninayo ya Chelagat, safi, ilizunguka WhatsApp.

---

Mwanagenzi

Hapana dada. Haki ya picha ni ya aliyeipiga, si ya aliyetumwa, wala si ya aliye kwenye picha. Kwa sheria yenu picha hulindwa miaka 50. Mtafute mpiga picha au warithi wake, waandike kwamba wanaitoa kwa leseni huru. Ya WhatsApp itafutwa na wewe utaonywa.

---

Mla_Mbivu

Haya nimeamini. Baba yangu aliacha sanduku la magazeti, miaka ya sabini mpaka themanini na kitu, mchwa wamekula upande mmoja. Nilitaka kumpa muuza nyama afungie. Yafaa?

---

Nyar_Kano

MLA MBIVU USIGUSE HILO SANDUKU.

Usiyakunje, usiyaanike juani. Piga picha ukurasa wa kwanza wenye jina la gazeti na tarehe, kisha ukurasa wenye habari na namba yake ionekane. Usibandike gazeti zima mtandaoni, lina mwenyewe. Sisi tunahitaji jina, tarehe, ukurasa, na tusome kilichoandikwa.

---

Mla_Mbivu

Sawa mama. Nimemnyang'anya muuza nyama mawili aliyokuwa ameshachukua.

---

Teso_Kusini

Uzi haujalala, na mimi pia. Nimeongea na binamu. Hana karatasi ila anakumbuka hukumu ilitoka Septemba 1982 na magazeti yote yaliandika. Kwa hiyo sitafuti tena mtu, natafuta wiki.

Nitakuwa Nairobi Alhamisi kwa shughuli nyingine. Nitaingia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, niombe magazeti ya mwezi huo, na ya Desemba 1988. Shida ni nakala, wanalipisha kwa ukurasa.

---

Omundu_wa_Lurambi

Nimekutumia mia tatu. Ukiwa humo ulizia na faili za mkoa wa Nyanza za 1922. Okwirri, kumbuka, tahajia zote tatu.

---

Mzawa_wa_Bondeni

Mia mbili kutoka Nakuru. Na magazeti ya Machi 1992, kama muda upo. Usitazame habari, tazama maelezo madogo chini ya picha. Huko ndiko wakati mwingine walikuwa wanaweka majina.

---

Nyar_Kano

Ya Sijeyo nimeiandika upya usiku huu. Mistari sita, vyanzo vitatu, imewekwa alama ya mbegu. Mzee wa Gem nimempigia kumwambia ile sehemu ya mwembe haimo. Akacheka, akasema nirudi na kinasa sauti, na nije mapema, saa nne hazikutosha.

Teso Kusini, wakikuuliza pale mlangoni unatafuta nini, wape mwezi na mwaka. Ukiwapa hadithi mtakesha.